Kupiga Picha za Vitu Vidogo Msituni

Watu wengi waingiao katika msitu wa Mlima Kenya, watokao Nyeri, Karatina au Nanyuki, hutamani kupiga picha ya ndovu. Lakini mwenye subira hupata picha njema karibu na miguu yake: uyoga juu ya gogo bovu, tone la maji kwenye jani, au kinyonga dume mwenye pembe tatu.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, yafaa kwa kazi hii, kwa kuwa ukungu huulainisha mwanga na kuondoa vivuli vikali. Ila mwanga huo ni haba. Kamera huhitaji muda zaidi kuupokea, na mkono ukitikisika kidogo tu picha huharibika. Dawa yake ni kuiegemeza kamera, au simu, juu ya jiwe au mfuko wa maharagwe, na kuzuia pumzi wakati wa kubonyeza. Tena mpigaji na apige magoti, lenzi iwe sawa na uyoga, asiutazame kutoka juu.

Neno kubwa ni hili: asing'oe wala asihamishe kitu. Mwaka 1972 vinyonga wa namna hiyo walitolewa Kenya wakapelekwa Hawaii kuuzwa. Waliachiliwa bustanini, wakazaana, na hata leo hula konokono na wadudu wa asili wa visiwa vile. Bali mpiga picha humchukua kinyonga pichani tu, naye mwenyewe amebaki mtini mwake.