Piga picha ya somo, si ya mtoto: mwongozo wa picha za shule mtandaoni kwa walimu na wazazi wa Tiwi

Wakati wa bamvu, maji yakipwa, mwamba wa pwani ya Tiwi hubaki wazi na vidimbwi vyake hugeuka darasa lisilohitaji ubao. Mwalimu aliyefika hapo na wanafunzi wake, akiwa na simu moja tu, anaweza kurudi shuleni na picha za kaa, kiti cha pweza, jongoo bahari na mwani. Picha hizo zinatosha somo la sayansi la wiki nzima, na hata mwanafunzi ambaye hakwenda pwani siku hiyo atajifunza.

Lakini simu hiyo hiyo ikielekezwa kwenye nyuso za watoto, na picha ikawekwa Facebook au Instagram jioni hiyo, inatoa habari nyingine kabisa. Mtu asiyejulikana ataona sura ya mtoto, atasoma jina la shule kwenye sare, na atajua ni ufuo gani watoto hao hupelekwa na saa ngapi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kupata faida ya picha ya kwanza bila kuleta hatari ya picha ya pili.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Mtoto ni mtu, na haki hiyo ni yake pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inafafanua zaidi: taarifa binafsi za mtoto haziwezi kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na matumizi yenyewe lazima yalinde maslahi ya mtoto. Picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa binafsi, sawa na jina lake.

Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi 4,550,000 dhidi ya Roma School iliyoko Uthiru, Nairobi, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo, kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja mmoja bila ruhusa yake. Kiwango cha juu cha faini ambayo ofisi hiyo inaweza kutoza ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya mhusika, kutegemea kiasi kilicho kidogo.

Sheria hii haichagui shule ya kibinafsi au ya umma. Chini ya Katiba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti, kwa hiyo sheria inamgusa mwalimu wa chekechea ya kijijini sawa na mkuu wa shule ya upili. Inawagusa pia maafisa wa umma wanaopiga picha katika hafla za kutoa basari au kufungua madarasa.

Picha hubeba zaidi ya sura

Watu wengi hudhani kwamba wasipoandika jina la mtoto, picha ni salama. Sivyo. Kabla ya kuichapisha, itazame picha kama mgeni anayeiona kwa mara ya kwanza, kisha ujiulize imesema nini.

Beji ya sare inataja shule. Kibao kilicho nyuma kinataja kijiji. Nambari ya basi inaonyesha mtoto anasafiri na gari gani. Mahali palipotajwa kwenye chapisho panaonyesha alipo. Kwenye meza huenda kuna daftari lenye jina kamili, na ukutani orodha ya matokeo ya mtihani. Simu nyingi pia huhifadhi ndani ya faili ya picha mahali na saa ilipopigwa. Ukiituma faili hiyo ilivyo, kwa barua pepe au kama hati kwenye WhatsApp, taarifa hizo huenda nayo. Ni rahisi kuzuia jambo hili: fungua mipangilio ya kamera na uzime huduma ya mahali.

Stori inayotoweka baada ya saa 24 nayo si salama kama inavyodhaniwa. Anayeitazama anaweza kuihifadhi kwa kupiga picha ya skrini, na hapo mwenye picha hana tena uwezo juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa nini Pwani iwe macho zaidi

Ukanda wa Tiwi na Diani hupokea wageni wengi, na wengi wao huja kwa nia njema. Hata hivyo, utafiti wa UNICEF na Serikali ya Kenya uliochapishwa 2006 uliitaja pwani yetu, Diani ikiwemo, miongoni mwa maeneo ambako watoto walikuwa wakidhulumiwa kingono kupitia utalii. Utafiti mwingine uliochapishwa 2021 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu watoto wa Kenya mtandaoni ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto ni mtu ambaye mtoto tayari anamfahamu.

Tafiti hizi mbili zinafundisha jambo moja. Kumwogopa mgeni peke yake hakutoshi, na kuwaamini wote walio kwenye kundi la WhatsApp la darasa kwa sababu ni majirani pia hakutoshi. Njia ya uhakika ni kutochapisha kabisa kile ambacho somo halikihitaji.

Kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha si desturi ngeni hapa Kwale. Kaya Kinondo, mojawapo ya kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, haiingiwi bila mwongozo wa wazee, na ndani yake kuna mahali ambapo kamera hairuhusiwi. Nyumbani kwa mtu hupigwa hodi kwanza. Sura ya mtoto inastahili heshima hiyo hiyo.

Masomo matatu yanayofaa picha

*Sayansi mwambani.* Gawa wanafunzi katika makundi. Kila kundi lichague kidimbwi kimoja na kupiga picha tano za viumbe bila kuvihamisha. Weka rula au kalamu kando ya kiumbe ili ukubwa wake uonekane. Darasani, kila picha iandikiwe maelezo ya sentensi tatu: ni nini, kilipatikana wapi, kilikuwa kikifanya nini. Rudini mwamba ule ule bamvu lijalo na mlinganishe. Aliye Msambweni anaweza kufanya zoezi hili kwenye mikoko ya Gazi, ambako jamii imekuwa ikitunza msitu huo chini ya mradi wa Mikoko Pamoja. Wanafunzi wajifunze kutofautisha mkoko, mchu na mlilana kwa picha za majani na mizizi.

*Historia mlangoni pa mto.* Msikiti wa Kongo, ulio kwenye mlango wa mto Mwachema kati ya Tiwi na Diani, ni jengo la matumbawe la karne nyingi ambalo bado huswaliwa. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi, mvae mavazi ya heshima, na msipige picha waumini wakiwa katika ibada. Picha za kuta, milango na mibuyu ya hapo zinatosha kuuliza maswali makubwa: nani alijenga, kwa vifaa gani, na kwa nini karibu na maji?

*Lugha.* Picha moja ya soko au ya kazi ya mikono iandikiwe maelezo kwa Kiswahili, Kiingereza na Chidigo. Wazee wa nyumbani ndio kamusi. Mtoto atajifunza majina ambayo kitabu cha shule hakina.

Katika masomo yote matatu, kamera inaelekezwa kwenye kitu. Mwanafunzi akihitajika katika picha, mikono yake ikishika kazi inatosha, au apigwe kutoka nyuma.

Katika vyuo vya ufundi hali ni tofauti kidogo. Mwanagenzi aliyetimiza miaka 18 hujitolea idhini mwenyewe, na akaunti ya picha inaweza kumtafutia kazi. Fundi cherehani, seremala au msusi aweke picha za kazi zake kabla na baada, ataje vifaa na muda uliotumika, na atumie nambari ya simu ya biashara. Picha ya mteja iwekwe tu mteja akikubali.

Akaunti ya darasa

Instagram, Facebook, TikTok na Snapchat zote zinamtaka mtumiaji awe na angalau miaka 13. Kwa hiyo akaunti ya darasa la msingi iwe ya shule, si ya watoto na si ya mwalimu binafsi. Shule izingatie haya:

- Akaunti iwe ya faragha, na kila anayeomba kuifuata atambuliwe kwanza.
- Watu wawili wawe na neno la siri, mmoja akiwa mkuu wa shule. Mwalimu akihamishwa, libadilishwe.
- Maoni na ujumbe wa moja kwa moja vifungwe. Mwalimu asiwasiliane na mwanafunzi faraghani kupitia akaunti hiyo.
- Picha ichapishwe baada ya ziara kumalizika, kamwe si wakati watoto bado wako mahali hapo.
- Majina, umri na alama za mtihani visiandikwe.
- Kila mwisho wa muhula picha zipitiwe, na zisizohitajika zifutwe, pamoja na zile zilizobaki kwenye simu za walimu.

Mzazi anayetuma kazi za nyumbani za mtaala wa umilisi ampigie picha mtoto ile kazi, na aitume kwa mwalimu moja kwa moja badala ya kwenye kundi la wote.

Mfano wa fomu ya idhini

*"Mimi, mzazi/mlezi wa ............, wa darasa la ............, nakubali / sikubali picha ya mtoto wangu ipigwe kwa ajili ya ............ na itumike katika ............ pekee, hadi tarehe ............. Naelewa kwamba ninaweza kuondoa idhini hii wakati wowote, na kwamba mtoto wangu hatanyimwa somo wala huduma yoyote nikikataa. Sahihi ............"*

Fomu ieleze shughuli moja mahususi. Sahihi moja ya siku ya kusajiliwa shule haiwezi kuhesabiwa kuwa ruhusa ya kila picha kwa miaka yote. Mzazi asiyesoma asomewe kwa lugha anayoielewa. Na mtoto naye aulizwe: akisema hataki, asipigwe.

Mambo yakiharibika

Picha ya mtoto wako ikichapishwa bila idhini, anza kwa kumwandikia aliyechapisha na umtake aifute. Asipofanya hivyo, wasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yake, odpc.go.ke. Sheria inaitaka ofisi hiyo ikamilishe uchunguzi wa malalamiko ndani ya siku 90.

Jambo likiwa la vitisho au picha za ngono, ni kosa la jinai. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweka adhabu ya hadi miaka 25 gerezani, au faini ya hadi shilingi milioni 20, au zote mbili, kwa makosa ya picha za ngono za watoto. Fanya hivi:

1. Usimkemee mtoto. Mwambie amefanya vyema kusema.
2. Usilipe pesa wala kutuma picha nyingine. Anayetishia hurudi kudai zaidi.
3. Usisambaze picha hiyo kwa yeyote, hata kama ni kwa nia ya kutahadharisha. Andika jina la akaunti, kiungo, tarehe na saa.
4. Piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au nenda kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Taarifa pia hupokelewa na DCI kwa simu ya bure 0800 722 203.
5. Ripoti chapisho ndani ya mtandao wenyewe, ukiwa tayari umehifadhi maelezo hayo.

Mzazi anaweza kuanza leo jioni bila fomu yoyote. Kaeni pamoja mfungue simu, mpitie picha za familia zilizoko mtandaoni, na kwa kila moja mumuulize mtoto kama anapenda ibaki. Ile asiyoipenda ifutwe mbele yake. Atajua kwamba neno lake kuhusu picha yake linasikilizwa, na siku mtu atakapomwomba picha kwa siri, atakuwa na wa kumwambia.