Kuandika Maelezo ya Msaada: Anza na Shida ya Mtu, Vitufe Baadaye

Kila mwaka ifikapo Juni, foleni hurefuka katika saiba nyingi nchini. Ritani za ushuru za mwaka uliotangulia hufaa kuwasilishwa kwenye mfumo wa iTax kufikia tarehe 30, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Wengi walio kwenye foleni wanajua kusoma na kuandika, na wana simu mkononi. Kilichowashinda ni kufuata maelezo waliyotumiwa kwenye WhatsApp ya kikundi.

Maelezo ya aina hiyo mara nyingi huandikwa na katibu wa chama, karani wa shule, mhudumu wa saiba au kijana anayewasaidia majirani. Somo hili linawalenga wao.

Mwandishi asiye na uzoefu huelezea skrini. Hufungua mfumo, hupiga picha kila ukurasa, kisha huandika: bonyeza hapa, halafu pale. Kwa ritani, mtindo huo unaweza kuleta hasara. Mwalimu aliyeajiriwa anaposoma maelezo yanayoanza na "nenda kwenye File Nil Return", atafuata kila hatua kwa makini, atapata risiti, na atarudi nyumbani akiwa amewasilisha ritani isiyo sahihi. Ritani ya sufuri ni ya mtu ambaye hakupata mapato ya kutangaza mwaka huo. Aliyeajiriwa hutangaza mshahara wake kwa kutumia fomu ya P9 anayopewa na mwajiri, hata kama ushuru wote ulikwishakatwa kila mwezi. Kwa hivyo sentensi ya kwanza ya maelezo inafaa kutaja ni nani anayehusika na nani asiyehusika. Yule asiyehusika aelekezwe pengine papo hapo, kabla hajabonyeza chochote.

Sentensi ya pili itaje vitu vya kuandaa: nambari ya PIN, nenosiri, P9. Itaje pia kifaa. Fomu ya ritani inayojazwa kwenye Excel hutegemea makro, yaani amri ndogo zilizofichwa ndani ya faili, na makro hizo hazifanyi kazi kwenye Excel ya simu. Mkazi anayesoma hilo kabla ya kuanza ataenda moja kwa moja kunakopatikana kompyuta, badala ya kumaliza bando na jioni nzima akihangaika na simu.

Hatua zenyewe ziwe fupi, kila moja na tendo moja. Majina ya vitufe yaachwe kama yalivyo kwenye skrini, hata yakiwa ya Kiingereza, kisha maana yake ielezwe kwa Kiswahili. Anayetafuta neno "Thibitisha" hataliona mahali palipoandikwa "Validate". Maneno kama "upande wa kulia juu" yaepukwe pia, kwa kuwa ukurasa hujipanga upya kwenye skrini ndogo.

Sehemu inayohitaji jasho ni pale mtu anapokwama. Mapema miaka ya 1980, mtafiti John Carroll na wenzake katika kampuni ya IBM nchini Marekani waliwatazama watu wakijifunza programu ya kuandikia nyaraka kwa msaada wa vitabu vya mwongozo. Wengi hawakusoma kwa utaratibu. Walirukia kazi waliyotaka kufanya, wakakosea, na kitabu hakikuwasaidia kujinasua. Carroll alibuni mwongozo mfupi uliopangwa kwa kufuata kazi, unaoonyesha jinsi ya kutambua kosa na kulirekebisha, na walioutumia walijifunza haraka zaidi. Kitabu chake kuhusu utafiti huo, The Nurnberg Funnel, kilitoka mwaka 1990.

Kwa ritani, makwama yanajulikana. Kitufe cha "Validate" kikibonyezwa na kisifanye lolote, huenda makro zimezuiwa; mtu aangalie kama kuna ilani yenye maneno "Enable Content" juu ya fomu. Tarehe ikikataliwa, aangalie kama ameanza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. PIN isipotambuliwa, ahesabu: ina herufi mwanzoni, tarakimu tisa katikati na herufi mwishoni, kwa hivyo duara lolote lililo katikati ni sifuri wala si herufi O. Mistari mitatu kama hiyo, ikiwekwa kando ya hatua inayohusika, huokoa muda kuliko picha ishirini. (Picha hizo pia hula data ya msomaji.)

Maelezo yakishaandikwa, yajaribiwe. Atafutwe mtu mmoja ambaye hajawahi kuwasilisha ritani, akabidhiwe karatasi na kompyuta, na mwandishi aketi nyuma yake bila kugusa kipanya wala kusema neno. Kunyamaza huko ni kugumu, hasa kwa anayejua jibu. Mahali mtu huyo atakaposita ndipo pa kuandika upya. PIN na nenosiri zake azichape mwenyewe, na zisionekane kwenye picha yoyote itakayosambazwa.

Mwisho wa ukurasa, mwandishi aweke tarehe aliyojaribu hatua hizo na nambari ya kupigiwa. Mfumo ukibadilishwa, nakala ya mwaka jana itaendelea kuzunguka vikundini, na tarehe hiyo ndiyo itakayomwonyesha msomaji kwamba ameshika maelezo ya zamani.