Shati la baba, gauni la mtoto

Ukiwa na nguo kuukuu mkononi, usiulize kwanza unataka kushona nini. Itandike juani uone nini bado kizima. Shati la mwanaume huchakaa kwenye kola, viwiko na ncha za mikono, ila mgongo na sehemu ya chini huwa bado imara. Kitenge cha kujifunga huisha katikati, pale mtu anapokalia. Inua kitambaa dhidi ya mwanga: panapopenya mwanga zaidi kuliko kwingine pamekwisha, na hata ukipatia kiraka patachanika pembeni mwa mshono.

Huku kwetu Burundi, Kabezi na Rumonge, kuna adui mwingine, mawese. Doa lake litoe kabla hujashika mkasi. Loweka kwa maji moto na sabuni nyingi, fikicha, suuza, kisha anika nguo ikiwa bado mbichi, juani kabisa, siku mbili tatu. Sabuni huondoa mafuta, na jua hupausha ule wekundu. Likibaki, panga lifunikwe na mfuko au liangukie kwenye kipande cha kutupa.

Mashati ya mitumba hayaadimiki. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba, na Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Sisi bado tunayo sokoni, basi tuyatumie hadi mwisho.

Kazi ya kuanzia ni gauni la mtoto wa miaka mitatu au minne. Kata shati kwa mstari ulionyooka kutoka kwapa hadi kwapa. Kola na mabega yaweke kando, mikono utaihitaji. Kilichobaki ni bomba la kitambaa lenye pindo la chini tayari, na hapo umeokoa nusu ya kazi. Litandaze, juu yake weka gauni linalomkaa mtoto vizuri, uchore pembeni kwa kipande cha sabuni kikavu. Acha sentimita mbili za mshono kila upande, na usilibane, kwa kuwa lastiki ndiyo itakayokusanya kitambaa. Kata, geuza ndani nje, shona ubavuni.

Vifungo viache mahali pake, vitakuwa pambo. Shona tu ukingo wenye matundu ushikane na wa chini yake ili gauni lisifunguke. Kifungo cha juu kabisa kitoe, la sivyo lastiki itakwama hapo. Kunja sentimita tatu za juu, shona ukiacha mlango mdogo, pitisha lastiki kwa pini. Urefu wake uwe kifua cha mtoto ukipunguza sentimita tano. Kwa kamba za mabegani kata kwenye mikono ya shati vipande vya upana wa sentimita sita, vikunje mara mbili na kuvishona. Kamba ziache ndefu kidogo, mtoto anakua.

Huna cherehani? Mkono unatosha. Piga bandi kwanza, kisha shona kwa kurudi nyuma: sindano itokee mbele kidogo, irudi hadi ulipoishia mshono uliotangulia. Uzi upitishe kwenye mshumaa usijikoroge.

Kitenge kilichoisha katikati kipasue kwa urefu hapo hapo penye uchakavu, ondoa palipolegea, halafu unganisha zile kingo mbili zilizokuwa nje. Upya unahamia katikati. Upana utapungua, kwa hiyo kitamfaa binti au kitakuwa shuka la kitanda kidogo. Ukikiongezea kitambaa kipya cha pamba, kifue kwanza. Cha zamani kimeshanywea, kipya bado, na kwenye ufuaji wa kwanza mshono utavutana.

Kabla ya pasi ya makaa, choma uzi mmoja. Ukiacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni nailoni au mfano wake, na pasi ikiwa moto sana itakuharibia yote. Hapo tandika kitambaa kibichi juu.

Suruali za jinzi zina miguu inayofaa mfuko wa sokoni, lakini sindano nyembamba itavunjika, tafuta ya cherehani namba 16. Imvutano, vazi letu la kike la harusi, usiiguse kwa mkono wa kujifunzia. Mpelekee fundi, naye mweleze unachotaka kabla hajakata.