Mwindaji wa Mikeno

Watoto wa Goma wanaujua sana mlima Nyiragongo, kwa kuwa usiku mwanga wa moto wake huonekana mbali. Mikeno hawautazami sana. Mlima huo una urefu wa meta 4,437, na kilele chake kimechongoka kama jino. Katika misitu ya huko wanakaa gorila wa milimani, ambao wenyeji wengi huwaita ngagi.

Mwaka 1921 alifika huko Mmarekani mmoja, jina lake Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa na kuzivika juu ya sanamu, hata mtazamaji akadhani mnyama yu hai. Alianza kujifunza kazi hiyo tangu utoto. Alikuwa mwindaji hodari pia. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, chui alimrukia, naye akamwua kwa mikono mitupu. Mtu kama huyo angemwogopa mnyama gani?

Akeley alipita kwenye misioni ya Mapadri Weupe huko Lulenga, kisha akapanda mlima. Siku zile watu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba gorila ni dubwana lenye kurarua watu. Yeye alitaka kuwapeleka kadhaa katika jumba la makumbusho la New York.

Akampiga risasi gorila jike. Jike akaanguka, akabingirika mtelemkoni, na mtoto wake akakimbia kumfuata huku akilia. Waongozi wa safari wakamchoma mtoto kwa mikuki. Akeley alipofika, mtoto alikuwa angali hai. Akamtazama usoni. Hakuona ukali. Aliona macho yanayoomba huruma, na ilionekana kama mtoto yule angekubali kupakatwa na mtu yule yule aliyemwua mama yake. Akeley mwenyewe aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1923, wala hakujisifu.

Je, aliitupa bunduki siku ile? La. Uwindaji uliendelea, hata wakapatikana gorila 5. Mara nyingi moyo hujua kwanza, na mkono huchelewa kutii.

Lakini aliporudi kwao alisema mambo mengine. Aliwaambia watu kwamba gorila ni mpole asipochokozwa, akaisihi serikali ya Ubelgiji, iliyotawala Kongo wakati huo, iwalinde. Tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert aliweka mbuga ya taifa, ya kwanza katika Afrika. Wenyeji waliotegemea msitu ule nao walizuiwa, na ugomvi juu ya ardhi haujaisha hata leo. Tangu 1969 mbuga hiyo inaitwa Virunga. Gorila wa milimani waliobaki duniani ni zaidi ya 1,000 tu.

Mwaka 1926 Akeley alirudi Mikeno pamoja na mchoraji. Akaugua njiani, akafa tarehe 17 Novemba, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Mchoraji aliimaliza kazi. Gorila wale wamesimama New York hadi leo nyuma ya kioo, na ukutani nyuma yao imechorwa milima ya Kivu.

MASWALI
1. Akeley aliona nini usoni mwa mtoto wa gorila?
2. Kwa nini hakuacha kuwinda siku ile ile?
3. Uliza nyumbani: nani katika jamaa yako amewahi kutega mnyama, naye alikuwa na umri gani?