Halali na Kizuri: Tazama Beseni Kabla ya Sufuria



Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu chakula cha mtaani. Wengi wetu hatuwezi kukikwepa. Mfanyakazi wa Kariakoo hawezi kurudi Mbagala kula chakula cha mchana. Mwanafunzi wa madrasa akitoka darasani hupitia meza ya mihogo. Mama aliyechelewa sokoni huona ni nafuu kununua maharage yaliyokwisha kupikwa kuliko kuchoma mkaa saa tatu nzima. Aidha, vyakula hivi ni vitamu na bei yake inakidhi mfuko wa mtu wa kawaida. Kwa hiyo hatusemi msile. Tunauliza: utajuaje kibanda kipi ule na kipi ukipite?

Funzo la Vijana wa Pangoni

Katika Suratul-Kahf (18:19) tunasimuliwa habari za vijana walioamka pangoni baada ya usingizi wa miaka mingi. Walikuwa na njaa, na walikuwa na fedha kidogo. Wakamtuma mmoja wao aende mjini kununua chakula. Hawakumwambia alete chochote atakachokutana nacho. Walimtaka atazame ni chakula kipi kilicho safi zaidi, ndipo alete, na katika kufanya hivyo awe mpole.

Zingatia mambo matatu hapa. Kwanza, chakula kilinunuliwa mjini, basi kununua chakula si aibu. Pili, njaa haikuwafanya waache kuchagua. Tatu, anayechagua anatakiwa awe na upole, si kumkaripia muuzaji mbele ya watu.

Halali Peke Yake Haitoshi

Waislamu wengi tukifika kwenye kibanda huuliza swali moja tu: nani kachinja? Swali hilo ni la lazima. Lakini Mwenyezi Mungu (s.w) katika Suratul-Baqara (2:168) ameyataja mambo mawili pamoja: kiwe halali, na kiwe kizuri. Nyama iliyochinjwa kwa jina la Allah, kisha ikaachwa juani tangu asubuhi huku nzi wakitua juu yake, imetimiza sharti la kwanza na kukosa la pili. Itakudhuru vilevile kama ambavyo ingemdhuru asiyekuwa Muislamu.

Madhara haya si madogo. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, kilisambaa katika mikoa mingi ya Bara, kikaingia Zanzibar, na kuua mamia ya watu kabla ya kutulizwa. Kipindupindu na homa ya matumbo huenea kwa njia moja: kinyesi cha mgonjwa kinaingia katika kinywa cha mzima, kikipitia maji, mikono, nzi au vyombo. Tena mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo huku mwenyewe hajihisi kuumwa, akawa anapika na kupakua kila siku.

Mambo Matano ya Kutazama

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama: usafi, kutenganisha kibichi na kilichoiva, kuivisha vizuri, kuhifadhi katika joto sahihi, na kutumia maji na mahitaji salama. Tukizipeleka kwenye kibanda cha mtaani, zinakuwa hivi:

1. Beseni. Kabla hujafunua sufuria kwa macho, tazama wanapoosha vyombo. Kama sahani zote za mchana zinaoshwa katika beseni moja la maji yaliyokwisha kugeuka rangi ya mchuzi, ondoka. Kibanda kizuri kina maji ya kuoshea kwa sabuni, maji mengine ya kusuuzia, na ndoo yenye koki ya kunawia mikono. Beseni la kunawia ambalo watu kumi wamechovya mikono humo halisafishi, linagawa uchafu.

2. Moto. Chakula kiwe kinafuka mvuke. Vijidudu vingi hufa chakula kikifikia nyuzi 70 hadi ndani kabisa, na chakula kilichoiva kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa. Huna kipimo, lakini una macho na ulimi: kisichokuunguza kidogo kimekwishapoa. Kikikaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na hasa joto la Pwani, vijidudu vinaanza kuzaliana.

3. Mikono. Anayepokea fedha asishike chapati kwa mkono uleule. Noti hupita mikononi mwa watu wengi sana. Akiwa peke yake, atumie koleo au kijiko.

4. Kibichi na kilichoiva. Kisu kilichokata kuku mbichi kikikata kachumbari bila kuoshwa, uchafu wa kuku unahamia kwenye nyanya ambayo haitapikwa tena. Kachumbari, basi, ndiyo sehemu ya sahani inayohitaji tahadhari kubwa. Ndimu inasaidia kidogo, lakini usiitegemee kama dawa.

5. Kifuniko. Mtume (s.a.w), katika Hadithi iliyopokelewa na Jabir katika Sahihi Muslim, ametuamrisha kufunika vyombo. Wazee wetu walikuwa na kawa kwa kazi hiyo. Kawa, mfuniko au kabati la kioo, vyote vinafaa. Kinachotakiwa ni nzi asifike.

Na swali la halali lisisahauliwe. Uliza kwa adabu: “Assalaam alaykum, mama yangu, nyama hii umeichukua bucha gani?” Nyama iliyopita machinjioni hukaguliwa na kugongwa mhuri. Kuku wa bei ya ajabu wanahitaji swali zaidi, kwani wapo wasio na khofu ya Mungu wanaouza vibudu. Uliza pia kama mafuta ya karai hayakukaangiwa kitu kisichokuwa halali.

Kula Nini na Saa Ngapi

Chakula kilekile kinaweza kuwa salama saa mbili asubuhi na kuwa hatari saa kumi jioni. Tupite siku nzima.

Asubuhi. Supu ya ng'ombe au mbuzi ni miongoni mwa vyakula salama zaidi mtaani, kwa kuwa imechemka muda mrefu na bado iko motoni. Ile na chapati inayotoka kwenye chuma mbele yako. Vitumbua na maandazi ya moto ni mazuri pia. Ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wana mbaazi za nazi kwa mahamri. Mlo huo una protini ya kutosha na unagharimu kidogo kuliko nyama.

Mchana. Hapa ndipo mama lishe anapookoa jahazi. Wali kwa maharage na mchicha ni mlo kamili: wali unatia nguvu, maharage yanajenga mwili, mboga inaongeza damu. Ugali kwa dagaa una faida ya pekee, kwani dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, nayo ina madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa na meno. Fika mapema, saa sita au saa saba, sufuria ikiwa imetoka jikoni. Kuwa macho na wali uliolala. Katika mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiachwa nje usiku kucha huota na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipashwa moto. Kiporo cha nyumbani kina hukumu hiyohiyo.

Jioni. Mihogo na mahindi ya kuchoma hutoka kwenye makaa moja kwa moja hadi mkononi mwako, na ni rahisi kwa bei. Mishikaki iwe imeiva hadi ndani, siyo nje nyeusi na katikati nyekundu. Urojo wa Unguja ni mtamu usio na mfano, ukiwa na bajia, kachori, viazi na ukali wake wa embe bichi au ukwaju. Ila utazame kama rojo lenyewe linachemka au limepoa ndooni, na chatine imetengenezwa kwa maji gani. Supu ya pweza ni nzuri ikiwa motoni. Vipande vilivyopangwa juu ya sinia ni habari nyingine, hasa panapokuwa na bakuli moja la pilipili ambalo kila mteja anachovya kipande alichokwisha kukiuma. Omba umwagiwe pilipili yako kwa kijiko.

Chipsi. Tazama mafuta. Yakiwa meusi, mazito na yanatoa moshi wenye kuwasha macho, yametumika mara nyingi mno na hayafai kwa moyo wako. Hata mafuta yakiwa mazuri, chipsi zisiwe mlo wa kila siku wa watoto.

Vinywaji na matunda. Dafu limefungwa na Muumba mwenyewe, na maji yake ni safi mpaka panga linapoligusa. Hakikisha panga halikulazwa chini. Juisi ya ukwaju au ya miwa huharibiwa zaidi na maji na barafu kuliko na tunda. Barafu haiui vijidudu, inavilaza tu. Tunda linunue zima, ulimenye mwenyewe baada ya kuliosha. Tikiti lililokatwa vipande na kunyunyiziwa maji lionekane bichi limepoteza ngozi yake ya kulilinda.

Gazeti Si Sahani

Bado wapo wanaofungia maandazi na samaki kwenye magazeti ya zamani. Gazeti limepita mikononi mwa wengi, na wino wake unaganda kwenye chakula chenye mafuta. Kwa gazeti kama hili kuna jambo kubwa zaidi: ndani yake mna aya za Qur'an na majina ya Allah. Si adabu yapakwe mafuta ya samaki kisha yatupwe mtaroni. Mifuko ya plastiki nayo Tanzania Bara iliipiga marufuku kuanzia Juni 1, 2019, na hata kabla ya hapo haikufaa kutiwa chakula cha moto. Mtume mtoto na bakuli lenye mfuniko au hotipoti. Chakula kitabaki cha moto.

Wakati wa Ramadhani

Katika mwezi huu meza za futari hujaa kuanzia Alasiri. Sambusa, katlesi na tambi hupangwa mapema, zikasubiri Magharibi saa mbili au tatu huku vumbi la barabara likizifuata. Mfungaji aliyekaa mchana kutwa bila maji akipatwa na kuharisha huzidiwa upesi. Nunua karibu na adhana, chagua kinachotoka karaini wakati huo, na kilichopoa kipashe moto sana nyumbani. Tende zioshwe kwa maji salama.

Mama Lishe na Amana Yake

Mama lishe wengi ni wajane au wazazi wanaosomesha watoto kwa sufuria moja. Kila mlipuko wa kipindupindu unapotokea, wao ndio wa kwanza kufungiwa biashara. Usafi wa beseni, basi, unalinda afya ya mteja na riziki ya muuzaji.

Mtume (s.a.w) alipita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini ni mbichi kwa mvua. Alimuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka juu watu waione, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi (Muslim). Kuchanganya maharage ya jana na ya leo bila kumwambia mteja kunaingia humo.

Nasi wateja tuna wajibu. Ukiona kibanda kisafi, kirudie, waambie na majirani. Ukiona kasoro, mvute muuzaji pembeni: “Mama, chakula chako kitamu mashaallah, lakini maji haya yabadilishe.” Wateja watano wa msikiti mmoja wanaweza kuchanga wakamnunulia ndoo ya koki. Hiyo nayo ni sadaka.

Ikitokea Kuharisha

Anza kumpa mgonjwa maji mara moja. Tumia pakiti ya ORS kama maelekezo yake yanavyosema. Ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, na usizidishe chumvi. Mtoto anyonyeshwe bila kukatizwa. Mwahishe hospitali ukiona choo kama maji ya mchele, damu, macho kuingia ndani, mkojo kukosekana, au mtoto amelegea hawezi kunywa. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, na wengi wanaowahi kutibiwa hupona kwa idhini ya Allah.

Maswali ya Kujipima

1. Kuna tofauti gani kati ya chakula halali na chakula halali kilicho kizuri?
2. Kwa nini kupasha moto hakuondoi hatari ya wali uliolala nje?
3. Taja mambo matano utakayoyatazama kwenye kibanda unachokula kila siku. Je, kimefaulu mangapi?

Swali la tatu lijibiwe na familia nzima mezani, na watoto wawemo, kwani wao ndio wanaotumwa dukani na kupewa fedha ya kula shuleni.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku vilivyo halali na vizuri, na atukinge na maradhi. Amin.