Gari Lililoinuliwa na Usukani Unaotangatanga

Wasomaji wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita waijua vema ardhi yao. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na mvua zikinyesha hugeuka tope linaloshika gurudumu kama gundi. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi huyainua: huweka springi ndefu zaidi na matairi makubwa zaidi, ili tumbo la gari lisikwame njiani. Jambo hilo si baya. Lakini mara nyingi gari lipitalo mbuga kwa ushujaa hufika barabara ya lami likawa kama mlevi: laenda kushoto, laenda kulia, na dereva hana budi kulisahihisha kila mara. Leo twataka kueleza sababu ya ugonjwa huo, na jinsi ya kuuponya pasipo kupoteza fedha bure.

Tulipata kusafiri kutoka Kahama kwenda Geita, kwa njia ya Kakola, katika gari moja la namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kuchukua wagonjwa na dawa. Lilikuwa limeinuliwa sentimita 5. Dereva alitwambia kwamba amekwisha kununua matairi mapya, kisha akanunua shokapu mpya ya stelingi, na ugonjwa ungali pale pale. Tulipopishana na lori, upepo wake ulitusukuma hata tukakaribia ukingo wa barabara, na mama mmoja aliyempakata mtoto wake akapiga ukelele. Hapo tuliona kwamba jambo hili si la raha ya dereva peke yake, bali ni la uhai wa watu.

Kwanza yafaa kutofautisha magonjwa matatu, maana dawa zake si moja. Gari likivuta upande mmoja tu siku zote, hilo ni jambo la upepo wa matairi, breki iliyoshika, au mteremko wa barabara yenyewe; kwani barabara huinuka katikati ili maji yatiririke, nasi tuendeshao kushoto twavutwa kidogo kwenda kushoto. Usukani ukitetemeka kwa mwendo fulani, hasa baada ya kukanyaga shimo, huo ni mtetemo, na mara nyingi watokana na magurudumu yasiyosawazishwa au viungo vilivyolegea. Lakini gari lisiposhika njia, likaenda huku na huku pasipo kuchagua upande, huko ndiko kutangatanga.

Sasa, kwa nini kuinua gari kulete kutangatanga? Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake kwa baiskeli. Atazame nguzo ya mbele ishikayo gurudumu: haikusimama wima, bali kilele chake kimelala nyuma kuelekea kiti. Kisha ashike kiti na kuisukuma baiskeli mbele bila kugusa usukani. Gurudumu la mbele lajinyosha lenyewe na kufuata njia. Laiti nguzo ile ingesimama wima kabisa, baiskeli isingekubali kwenda hivyo.

Gari nalo lina ulalo kama huo, na mafundi huuita kasta. Katika magari mengi yenye mhimili mmoja mzima mbele, kiwanda huweka digrii chache tu, kama 3 hivi. Chukua mfano wa Land Cruiser za namba 78 na 79, ambazo tangu mwaka 1999 zimewekwa springi za koili mbele. Mhimili wake hushikwa na mikono miwili ya chuma ielekeayo nyuma, na miisho yake imefungwa katika fremu ya gari. Fremu ikiinuliwa, miisho ile ya nyuma hupanda pamoja nayo. Basi mhimili huzunguka kidogo, na kilele chake huinamia mbele. Kwa kadiri, kila sentimita 2.5 za kuinua huondoa digrii 1 hivi. Mwenye kuinua sentimita 5 amepoteza digrii 2 katika zile 3. Gari limebaki na nguvu ndogo sana ya kujinyosha.

Dalili yake ni hii. Katika uwanja mpana, kwa mwendo wa polepole, piga kona kisha ulegeze mikono pasipo kuiondoa. Gari zima hurudisha usukani lenyewe. Gari lililopungukiwa na kasta hubaki limekunja mpaka ulirudishe wewe.

Hata hivyo, mtu asikimbilie kasta kabla ya kuangalia mengine, kwa maana kuinua gari mara nyingi hufichua ubovu uliokuwapo tangu zamani. Twashauri kufuata utaratibu huu.

Kwanza, upepo wa matairi. Wengi hupunguza upepo ili wapite topeni, kisha husahau kuujaza wafikapo lami. Pima matairi yakiwa baridi, na yale mawili ya mbele yawe sawasawa.

Pili, viungo vya stelingi. Gari likiwa limesimama chini, mtu mmoja auchezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, na mwingine atazame kila kiungo chini. Fimbo moja ikisogea na ya pili ikichelewa kuifuata, kiungo kilicho kati yake kimekufa. Aangalie na bushi za fimbo ya panhadi, ile ivukayo kutoka fremu hadi mhimili. Ikiwa bushi imelika, mhimili mzima husogea kando usukani unapogeuzwa.

Tatu, beringi. Inua gurudumu kwa jeki, ukiweka ubao mnene chini ya jeki ili isizame, na tegemeo imara chini ya mhimili; mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, nawe utikise tena. Mchezo ukitoweka, ubovu umo katika beringi ya gurudumu. Ukibaki, umo katika beringi za kingpini.

Nne, boksi la stelingi. Likiwa na mchezo, fundi aweza kulikaza kwa skrubu yake, magurudumu yakiwa yamenyooka. Lakini asikaze kupita kiasi, kwani boksi lililobanwa huzuia usukani kurudi, nalo gari litatangatanga kwa sababu nyingine.

Tano, pima nafasi baina ya matairi mawili ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma. Yafaa mbele iwe ndogo kwa milimita chache kama kitabu cha gari kisemavyo. Ikiwa mbele ni kubwa kuliko nyuma, kila gurudumu litataka kwenda kwake.

Mambo hayo yote yakiwa mema, ndipo kasta ipimwe kwa mashine na kurudishwa. Kwenye springi za koili hutumika bushi ambazo tundu lake halikukaa katikati, au vipande vya chuma vya kuteremsha miisho ya mikono ile miwili. Kwenye springi za vyuma bapa hutumika kabari za chuma kati ya springi na mhimili. Fundi ahakikishe kwamba kabari imelaza kilele cha kingpini nyuma, maana ikigeuzwa itazidisha ugonjwa. Tena fimbo ya panhadi na ile itokayo kwenye boksi la stelingi zilale kwa ulalo mmoja. Zikiachana, kila shimo litageuza magurudumu pasipo dereva kutaka. Magari ambayo kila gurudumu la mbele lina mkono wake, kama Hilux za miaka hii, yakiinuliwa hubadilika vipimo vyote, nayo hayana budi kupelekwa kwenye mashine siku hiyo hiyo.

Na shokapu ya stelingi je? Hiyo ni msaada wa kupunguza mapigo ya mashimo. Haikuundwa kushika njia. Anayeiweka ili kunyamazisha viungo vibovu, huyo amefanya kama wahenga walivyosema: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Gari tulilolitaja lilipopimwa kwa utaratibu huo, lilionekana na kiungo kimoja kilichokufa, bushi ya panhadi iliyolika, na kasta iliyopungua. Matairi yake ya zamani hayakuwa na kosa lolote. Fedha za kwanza zilipotea kwa sababu dawa ilitangulia kabla ya uchunguzi.

Basi, twawasihi wenyeviti wa vijiji, walimu wakuu na wote waliokabidhiwa magari ya watu: gari likiinuliwa, msilipokee kwa fundi mpaka kasta imepimwa na viungo vimeangaliwa, na karatasi ya vipimo imetiwa mkononi mwenu. Na mpaka siku hiyo, dereva apunguze mwendo, hasa apishanapo na malori. Barabara za lami zimefika kwetu, na mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa. Mwendo umeongezeka, na kosa ambalo topeni lilikuwa jambo la kuchekwa, juu ya lami huua.