Mgeni wa Pwani: Jinsi Mwili na Ubongo Vinavyolizoea Jiji

Kila mwaka, ifikapo miezi ya Oktoba na Novemba, vijana wengi huteremka kutoka nyanda za juu na kwenda Dar es Salaam kuanza masomo ya juu. Huyu ametoka Njombe, yule Mbulu, mwingine Lushoto. Huwasili wakati ambapo joto la pwani linapanda kuelekea kilele chake, na malalamiko yao ya wiki ya kwanza hufanana: usingizi hauji, kichwa kinauma, shati halikauki mgongoni, mitaa yote ni ile ile, na jioni huwa ndefu kwa upweke. Wenyeji huwajibu kwa neno moja: mtazoea. Jibu hilo ni la kweli, ila halielezi jambo. Ni kitu gani hasa kinachobadilika ndani ya mtu hata mji uliomchosha mwezi wa kwanza ukawa mji wake mwezi wa sita? Sayansi inaweza kulijibu swali hili kwa sehemu kubwa. Tena majibu yake yanaonyesha kwamba raha ndogondogo za jiji, kama vile upepo wa jioni, kikombe cha kahawa au safari fupi ya pantoni, zina nafasi yake katika kazi hiyo ya kuzoea.

Joto na jasho

Njombe iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo kijana anayeshuka kutoka Njombe hadi pwani huingia katika hewa iliyo na joto zaidi kwa nyuzi 12 hivi, hata kabla ya kuhesabu tofauti ya majira. Hutambua badiliko hilo kwanza jikoni. Kwao maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa kani ya hewa ni ndogo. Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Maharage yaliyokuwa yakikaa motoni muda mrefu sasa huiva mapema, na chai humuunguza ulimi asiyejihadhari.

Mwili wenyewe una tatizo zito zaidi. Mtu mzima aliyekaa kimya huzalisha joto la wati 100 hivi, karibu sawa na balbu kubwa ya zamani. Joto hilo hapana budi litoke. Katika hewa ya Njombe hutoka bila taabu, maana ngozi ina joto la nyuzi 33 au 34 na hewa iliyoizunguka ni baridi kuliko ngozi. Mchana wa Januari mjini Dar es Salaam hewa hufikia nyuzi 31 au 32, na tofauti kati yake na ngozi huwa ndogo mno. Njia kubwa inayobaki ni jasho.

Hesabu yake ni rahisi na yafaa kufanywa darasani. Gramu moja ya jasho inapogeuka mvuke huchukua kilojuli 2.4 hivi za joto. Wati 100 kwa saa moja ni kilojuli 360. Ukigawa, utapata gramu 150. Mtu anayetembea kwa haraka, ambaye huzalisha joto lipatalo mara tatu ya hilo, atahitaji kukausha karibu nusu lita ya jasho kila saa. Neno la kuzingatia hapa ni kukausha. Jasho linalodondoka chini halipozi kitu. Na kwa kuwa hewa ya pwani imekwisha kubeba unyevu mwingi, jasho hukauka polepole. Ndiyo maana mgeni hulowa na bado huona joto.

Hata hivyo mwili hujifunza. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika miaka ya 1920 na 1930 kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako wachimbaji, wengi wao vijana waliotoka mbali, walikufa kwa joto la chini ya ardhi. Ilidhihirika kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliopewa kazi nzito katika siku zao za kwanza. Inasikitisha kwamba maarifa haya yalipatikana kwa gharama ya uhai wa watu, lakini ni maarifa ya kweli na hayajapitwa na wakati. Katika siku chache za mwanzo majimaji ya damu huongezeka, na moyo hauhitaji tena kupiga mbio kama siku ya kwanza. Kisha tezi za jasho huanza kazi mapema zaidi, hutoa jasho jingi zaidi, na figo pamoja na tezi hizo hujifunza kubania chumvi, hata jasho la aliyezoea likawa na chumvi kidogo kuliko la mgeni. Sehemu kubwa ya mabadiliko haya hukamilika kati ya siku 10 na 14, mradi mtu atoke nje na kufanya kazi ya wastani kila siku. Anayejifungia chumbani mbele ya feni wiki mbili nzima huchelewa kuzoea.

Walimu wa michezo wana wajibu hapa. Mwanafunzi aliyewasili jana kutoka milimani asikimbizwe uwanjani saa saba mchana ili apimwe ushupavu wake. Aanze asubuhi na jioni, kwa muda mfupi, na muda huo uongezwe siku hadi siku. Akianza kuchanganyikiwa, kusema ovyo au kuyumba, huku mwili umepanda joto, hiyo ni hatari ya kufa: apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe bila kukoma, wakati msaada wa daktari unatafutwa.

Chumvi inayopotea hurudishwa kwa chakula, na chakula cha mitaani kimelitatua jambo hili kabla ya maabara. Dafu lina maji na potasiamu kwa wingi, bali sodiamu yake si nyingi, na sodiamu ndiyo hasa inayotoka na jasho. Muhogo wa kuchoma unaouzwa ufukweni pamoja na chumvi, pilipili na ndimu huziba pengo hilo. Anayekula muhogo na kushushia dafu amepata vyote viwili.

Kahawa nayo ina kisa chake. Wazee wanaokaa barazani wakinywa kahawa chungu ya moto na kashata wakati wa joto humshangaza mgeni.  Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na wataalamu wa Kanada uliwaunga mkono, lakini kwa sharti. Kinywaji cha moto huzidisha jasho kuliko joto kinaloliingiza mwilini, na hivyo mwili hubaki na joto pungufu, ikiwa jasho hilo linaweza kukauka. Mahali pasipo na upepo faida hiyo hutoweka. Wazee hunywa kahawa yao nje, penye upepo, si chumbani.

Upepo wa jioni

Upepo huo unatoka wapi? Jua likipiga nchi kavu na bahari kwa nguvu ile ile, nchi hupata joto upesi zaidi. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande uzi mmoja; kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji kilojuli 0.8 tu. Tena bahari huchanganya maji yake na kulipeleka joto chini, hali mchanga hulibakiza juu. Ifikapo karibu na adhuhuri hewa ya nchi kavu imekwisha pata moto na kupanda, na hewa ya baharini, iliyo baridi na nzito, huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, na kabla ya mapambazuko upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini. Watu wa pwani huuita umande, na mashua za tanga zimeutumia tangu zamani kutokea bandarini.

Juu ya zamu hii ya kila siku zimo pepo kubwa za msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi hutawala kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba. Zote mbili huifikia Dar es Salaam zikitoka upande wa bahari, kwa hiyo huungana na upepo wa mchana na kuutia nguvu. Siku ngumu ni zile za tangambili, pepo zinapobadilishana, hewa ikatulia na jasho lisipate pa kwenda.

Mgeni anayefahamu haya atachagua chumba chenye dirisha upande wa mashariki, na dirisha au mlango mwingine mkabala nalo, kwani upepo usio na pa kutokea hauingii. Mafundi wa nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni walilijua hilo. Ukumbi wao hupita katikati ya vyumba, kutoka mlango wa mbele hadi uani. Maghorofa yanayozijaza mitaa hiyo leo mara nyingi hulipuuza, kisha hulazimika kununua ubaridi kwa umeme.

Maji kujaa na kupwa

Kitu kingine kinachomfurahisha mgeni, baada ya kumtatiza, ni bahari isiyokaa mahali pamoja. Siku moja huenda ufukweni Oysterbay akakuta maji yamefika ukutani. Jumapili nyingine, saa ile ile, akakuta miamba na mchanga vimeachwa wazi mbali sana. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua, huyajaza maji mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta kwa pamoja. Hapo huwa bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa mjini Dar es Salaam huzidi mita 3. Katika nusu ya mwezi kila kimoja huvuta upande wake, na maji huwa mafu.

Kwa kuwa zile dakika 50 hujilimbikiza siku kwa siku, ratiba inaweza kuwekwa kichwani. Wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja mambo huwa kinyume. Wanaotafuta pweza miambani huifuata kalenda hiyo, na kwa hiyo hata mpenzi wa supu ya pweza anafuatana na mwezi bila kujua. Mahali pazuri pa kuiona nguvu ya maji haya ni juu ya pantoni ya Kigamboni: katika mlango mwembamba wa bandari mkondo huonekana waziwazi ukiingia au ukitoka, na safari nzima ni ya dakika chache kwa nauli ndogo.

Ramani iliyomo kichwani

Kupotea njia humwaibisha mgeni bure. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Kimarekani Edward Tolman alieleza kwamba hata panya hakariri kona tu, bali hujenga ramani akilini. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky, wakiwa London, waligundua katika ubongo wa panya seli zinazofanya kazi mnyama anapokuwa mahali fulani tu. Seli hizo zimo katika hipokampasi, sehemu iliyopewa jina la farasi wa baharini kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, pamoja na wenzao wa Norwei, walieleza seli nyingine jirani, ambazo hupima nafasi kwa mpangilio kama wa mistari ya karatasi ya grafu. O'Keefe na hao wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Ubongo wa binadamu hubadilika kweli kwa kazi hii. Eleanor Maguire na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujua mitaa kama 25,000, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2011 iliongezwa hoja yenye uzito zaidi: wanafunzi wa udereva huo waliofaulu mtihani baada ya miaka ya kujifunza walikuwa wameongezeka sehemu hiyo, na walioshindwa hawakuongezeka.

Anayepanda daladala moja kila siku kutoka Ubungo hadi Posta hujua mstari mmoja tu. Akishushwa kituo kingine, amepotea. Ramani hujengwa na anayechagua njia mwenyewe. Dar es Salaam ina umbo linalosaidia: bahari iko mashariki, na barabara nne kuu hutawanyika kama vidole, ya Bagamoyo kaskazini, ya Morogoro magharibi, ya Nyerere kusini-magharibi, ya Kilwa kusini. Mgeni akishika alama chache, mathalani Sanamu ya Askari iliyosimama tangu mwaka 1927, na Mnara wa Saa, kisha akarudi nyumbani kwa njia tofauti kila Jumamosi, vidole hivyo huanza kuunganika. Simu ya kuonyesha njia yafaa kwa dharura, lakini humfanyia kazi ambayo ubongo wake ndio uliopaswa kuifanya.

Kurudia mahali kuna faida nyingine. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huelekea kupenda zaidi maneno, maumbo na sura walizoziona mara nyingi, hata pasipo sababu nyingine. Basi kununua vitumbua kwa mama yule yule kila asubuhi, na kusalimiana naye, si jambo dogo kwa aliye mpweke. Lakini isidhaniwe kuwa kurudia hutibu kila kitu. Kilichochukiza tangu mwanzo, kikirudiwa, aghalabu huchukiza zaidi. Chumba kibaya kihamwe mapema.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wageni kazi mbili. Wachore ramani ya jiji kwa kumbukumbu tu katika wiki ya kwanza, waiweke, wachore nyingine baada ya miezi mitatu, kisha walinganishe zote mbili na ramani iliyochapishwa na kueleza ni barabara zipi walizozirefusha na kwa nini. Na wajibu hili bila kutazama jedwali: mwezi mpevu ukitokea siku ya Ijumaa, darasa linalotaka kutembea juu ya miamba siku ya Ijumaa inayofuata lifike ufukweni saa ngapi?